JE, ULEVI KIDOGO NI DAWA YA MOYO?



Siku moja baada ya darasa ya Magharibi, watu walipokwisha kutawanyika, alibaki nyuma kijana mmoja, mwana wa kisiwa chetu hiki cha Pate, afanyaye kazi katika jiko la hoteli pwani ya kusini. Alikuja nyumbani kwa ajili ya Idi. Akaniambia: "Sheikh, baba yangu alikufa kwa kiharusi, na mimi juzi nimepimwa, presha yangu iko juu. Mwenzangu kazini aniambia kuwa madaktari wa Ulaya wamehakikisha ya kwamba bilauri moja ya divai kila usiku yalinda moyo. Nami nimekusikia katika khutba ukisema kuwa tone moja la ulevi lapasua mishipa ya moyo. Ni nani kati yenu msema kweli?"

Nilinyamaza kidogo, kwani swali lile lilinigusa mahali penye kosa langu. Nikamwambia: "Mwanangu, neno langu lile nililisema bila ya dalili. Nililisikia kwa mtu nikalipokea, nikalipandisha juu ya mimbari. Nipe muda nikatafute, kisha nitakujibu." Somo hili ndilo jawabu yake, na tumeonelea kuliandika ili wengine wanufaike, kwani neno hili la bilauri moja limeenea katika miji yetu, na vijana wetu hulisikia kila waendapo kutafuta riziki.

KWANZA: HUKUMU YETU HAIKUSIMAMA JUU YA TIBA

Kabla ya yote yatupasa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni hukumu ya sharia, na la pili ni khabari za mwili.

Ama hukumu, sisi Waislamu hatukuacha ulevi kwa sababu daktari ametwambia. Tumeuacha kwa kuwa Mola wetu ameukataza katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90 na 91. Na alipoulizwa Mtume (S.A.W.) na Tariq bin Suwayd juu ya ulevi unaotengenezwa kwa ajili ya dawa, alimjulisha kuwa hiyo si dawa bali ni maradhi, kama alivyopokea Imam Muslim. Basi hata kama madaktari wote wangekubaliana kesho ya kuwa divai huongeza umri, hukumu yetu haitatikisika.

Ama khabari za mwili, hizi hujulikana kwa kupima na kuchunguza. Haifai mtu kuzizua ili aipe nguvu dini yake, kwani dini ya haki haihitaji kuegemezwa kwa uwongo. Mhubiri akisema jambo la kitiba lisilo kweli, kisha kijana akaligundua, humtilia shaka hata katika yale aliyoyasema kwa haki. Hilo ndilo lililokaribia kunipata mimi.

PILI: NENO HILI LIMETOKA WAPI?

Neno hili halikuzuliwa na walevi peke yao. Tangu mwaka 1926 mtaalamu wa Marekani aitwaye Raymond Pearl aliandika kitabu juu ya ulevi na urefu wa umri, akaonyesha kuwa wanywaji wa kiasi hawakufa mapema kuliko wasiokunywa. Kisha mwaka 1991 televisheni ya Marekani ilieneza khabari za Wafaransa, kwamba wao hula mafuta mengi na juu ya hayo maradhi ya moyo kwao ni machache, na sababu ikadhaniwa kuwa ni divai. Mwaka 1992 Serge Renaud na mwenziwe Michel de Lorgeril wakaandika hoja hiyo katika jarida la Lancet, na tangu hapo neno likaenea dunia nzima.

Na uchunguzi mwingi uliofuata ulitoa sura moja. Wasiokunywa kabisa walionekana wana maradhi ya moyo zaidi kidogo, wanywaji wa kiasi wana machache, na walevi wakubwa wana mengi. Ukiichora khabari hiyo kwa mstari, utapata mfano wa jahazi lililotazamwa ubavuni: limeinuka tezi na omo, na katikati limeshuka. Watu wakatazama pale katikati wakasema: "Hapa ndipo penye salama."

TATU: ILLA ILIYOFICHIKA

Wanafunzi wa hadithi wanajua kuwa khabari haipokewi kwa wingi wa wasemaji tu. Huenda sanadi ikaonekana nzuri kwa nje, na ndani yake mna illa, yaani kasoro iliyofichika, asiyoiona ila mjuzi. Khabari ya jahazi nayo ina illa yake.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Lau mgeni angefika Kizingitini au Faza akawapima moyo wavuvi waendao nje ya mwamba, kisha akawapima wanaume wanaoketi barazani mchana kutwa, bila ya shaka angewakuta wavuvi wana nguvu zaidi. Je, yafaa aandike kuwa upepo wa bahari kuu ni dawa ya moyo? La, hasha. Mvuvi akiugua huacha bahari akaja kuketi barazani. Baraza haikumtia ugonjwa, bali ugonjwa ndio uliomleta barazani.

Ndivyo ilivyo kwa wasiokunywa katika nchi za Ulaya. Mwaka 1988 Gerald Shaper na wenzake, waliokuwa wakiwachunguza wanaume wa Uingereza, walionyesha kuwa wengi wa wasiokunywa ni watu waliokuwa wakinywa zamani, wakaacha baada ya kuugua. Ukiwatia hawa katika fungu la wasiokunywa, fungu zima litaonekana gonjwa.

Na illa ya pili ni hii. Mtu wa Ulaya anywaye bilauri moja na chakula cha usiku aghlabu ni mtu mwenye pato la kutosha na mwenye kujitunza. Mwaka 2022 ulitolewa uchunguzi wa watu 371,463 wa Uingereza, ukaonyesha kuwa wanywaji wa kiasi huvuta sigara kidogo, hula mboga zaidi, hufanya mazoezi zaidi, na si wanene mno. Mambo hayo yalipotiwa katika hesabu, faida iliyodhaniwa kuwa ni ya ulevi ilipungua. Basi huenda aliyeulinda moyo ni mboga na mwendo wa miguu, na sifa akapewa divai.

Mtu atauliza: "Kwa nini basi wasipige kura, nusu ya watu wapewe bilauri moja kila siku, na nusu wakatazwe, kisha watazamwe?" Jambo hilo lilijaribiwa Marekani, na mwezi wa Juni 2018 Taasisi ya Taifa ya Afya ya huko ikauvunja uchunguzi huo. Ilidhihirika kuwa baadhi ya maofisa wake walikwenda kuomba fedha kwa makampuni ya ulevi, na kwamba mpango wenyewe ulielekea kuipa faida nafasi ya kuonekana na madhara yasionekane. Kura ya wanaadamu ikaharibika kabla ya kutoa jawabu.

NNE: KURA YA URITHI

Hapa ndipo ilipoingia elimu ya urithi wa mwili. Katika Bukhari na Muslim mna khabari ya bedui aliyemjia Mtume (S.A.W.) akilalamika kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi. Mtume akamwuliza juu ya ngamia zake: rangi zao ni zipi? Akasema ni nyekundu. Je, yuko wa kijivujivu? Akasema yuko. Ametoka wapi? Akasema huenda ni asili ya nyuma iliyomvuta. Basi akamfahamisha kuwa na mtoto wake huenda ni hivyo hivyo. Tazama jinsi alivyomfunza kuwa katika damu ya mtu mna mambo yaliyofichika, huonekana kizazi kimoja na kujificha kingine.

Mwaka 1866 padri mmoja wa mji wa Brno, Gregor Mendel, alichapisha hesabu ya jambo hili kwa kupanda mbaazi za kizungu. Tujuavyo leo ni kuwa kila mtu ana jeni, yaani chembe za urithi, na aghlabu kila jeni huwa nayo nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Naye akizaa humpa mtoto moja katika mbili hizo. Urithi huu si kama mirathi ya faraidh, ambayo mafungu yake yamewekwa wazi. Huu ni kama wavuvi waliogawa samaki mafungu mawili, kisha mmoja akapewa kisogo akaulizwa: "Fungu hili la nani?" Tajiri hapati bora kwa utajiri wake, wala mcha Mungu kwa ibada yake. Na kura hii hupigwa kabla mtu hajazaliwa, kabla hajaonja kitu, kabla hajaugua. Ugonjwa wa baadaye hauwezi kurudi nyuma ukaibadili.

Mwaka 2003 wataalamu wawili, George Davey Smith na Shah Ebrahim, walieleza kwa urefu namna ya kuitumia kura hii. Ikiwa iko jeni imfanyayo mtu awe na jambo fulani zaidi au kidogo, basi wapime walioipata na walioikosa. Wao katika mengine ni sawa, kwani wametengwa na kura.

Wala msidhani kuwa hii ni elimu ya mbali. Imetumika Kilifi, njiani pa kwendea Mombasa. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa nchi hii, akaona kuwa jeni ya selimundu ni nyingi pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na ni chache sana katika nyanda za juu. Mwaka 1954 akatoa dalili kuwa mwenye nakala moja ya jeni hiyo hukingika na malaria. Wachunguzi wa Kilifi wakaitumia kura hiyo kujibu swali jingine: je, malaria huwafungulia watoto mlango wa bakteria kuingia katika damu, au ni umasikini tu uletao yote mawili? Mwaka 2011 walitoa jawabu katika Lancet. Watoto wenye nakala moja ya selimundu walipatwa na bakteria wa damu kwa uchache sana kuliko wenzao, na kila malaria ilivyopungua Kilifi, ndivyo na tofauti hiyo ilivyopungua. Lau jeni yenyewe ingekuwa inawazuia bakteria, tofauti ingebaki vile vile. Basi ikajulikana kuwa malaria ndiyo iliyokuwa ikifungua mlango.

TANO: ULEVI WAPIMWA KWA KURA

Spiriti iliyomo katika ulevi ikiingia mwilini huvunjwa kwa daraja mbili. Kwanza hugeuzwa sumu iitwayo asetaldehidi, kisha sumu hiyo hugeuzwa kitu chepesi. Watu wengi wa Uchina, Japani na Korea wamerithi jeni iizuiayo daraja ya pili. Mmoja wao akinywa, sumu hukusanyika, uso humwiva, moyo humwenda mbio, na tumbo humchafuka. Kwa sababu hiyo hunywa kidogo mno au haonji kabisa, si kwa ucha Mungu wala kwa ugonjwa, bali kwa kura.

Kuanzia mwaka 2004 mpaka 2008 watu zaidi ya 500,000 katika pande 10 za Uchina waliandikwa, wakafuatwa kwa miaka kama 10. Jeni zilipimwa kwa watu kama 160,000, na matokeo yakatolewa mwaka 2019. Wanaume walipoulizwa kwa mdomo wanakunywa kiasi gani, lile jahazi likaonekana tena: wanywaji wa kiasi wakawa na viharusi vichache kuliko wasiokunywa. Lakini walipopangwa kwa jeni zao, jahazi likatoweka. Palibaki mlima unaopanda tangu mwanzo: kila ulevi ulivyozidi, ndivyo presha na kiharusi vilivyozidi. Kinywaji kimoja au viwili kwa siku viliongeza khatari ya kiharusi kwa 10 mpaka 15 katika mia, na vinywaji vinne kwa kama 35 katika mia.

Na Ulaya? Huko iko jeni nyingine imfanyayo mtu anywe kidogo. Mwaka 2014 zilikusanywa khabari za uchunguzi 56, jumla ya watu 261,991. Walioirithi jeni hiyo walikunywa pungufu kwa 17 katika mia. Lau ulevi kidogo ungekuwa ngao ya moyo, hawa wangekuwa wagonjwa zaidi. Kinyume chake, presha yao ilikuwa chini, na maradhi ya mishipa ya moyo yalipungua kwao kwa kama 10 katika mia, na ilikuwa hivyo hata kwa wale wanywao kwa kiasi.

Na insafu yatutaka tuseme yote. Katika uchunguzi wa Uchina, ama kiharusi, madhara yalikuwa wazi. Ama mshituko wa moyo, kura haikuonyesha dhara iliyo wazi wala faida. Na ule wa Uingereza wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa khatari ya kinywaji kidogo ni ndogo, kisha hupanda kwa kasi kila mtu azidishapo. Basi neno langu la kuwa tone moja hupasua mishipa halikuthibiti. Na neno la kuwa bilauri moja hulinda moyo halikusimama mbele ya kura. Mwezi wa Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa hakuna kiasi cha ulevi kiwezacho kusemwa kuwa ni salama kwa afya.

SITA: SHUBHA NA MAJIBU YAKE

Shubha ya kwanza: "Labda jeni hiyo yenyewe huzuia kiharusi, wala si kutokunywa." Jawabu: Wachunguzi walilitazama hilo. Wanawake wa Uchina wana jeni zile zile za wanaume wao, lakini wanywao mara kwa mara ni kama 2 tu katika mia, hali wanaume ni 33. Kwa wanawake hao jeni hazikuleta tofauti ya kiharusi. Lau ingekuwa ni kazi ya jeni yenyewe, wanawake nao wangeonyesha alama.

Shubha ya pili: "Hao ni Wachina na Wazungu, sisi ni watu wa Pate." Jawabu: Ni kweli kuwa ile jeni ya Uchina karibu haipatikani kwetu Afrika. Lakini jeni ilikuwa ni kura tu ya kuwagawa watu. Kilichopimwa ni kazi ya spiriti katika presha na mishipa, na mishipa ya mwanaadamu ni ile ile. Mataifa mawili yaliyo mbalimbali, kwa jeni mbili mbalimbali, yamekubaliana kuwa presha hupanda.

Shubha ya tatu: "Qurani yenyewe, katika Al-Baqara aya ya 219, imetaja manufaa katika ulevi." Jawabu: Imetaja, na ikataja kuwa dhambi yake ni kubwa zaidi. Wafasiri wametaja katika manufaa hayo faida ya biashara na furaha ya mnywaji. Aya haikusema kuwa ni dawa ya moyo. Na faida ya biashara bado tunaiona: ndiyo iliyoingiza mkono katika ule uchunguzi wa Marekani.

KHATIMA

Yule kijana nilimwita kabla hajapanda boti ya Mtangawanda, nikamsomea haya. Nikamwambia: "Presha yako, na kiharusi alichokufa nacho baba yako, ndivyo hasa ambavyo ulevi umethibitika kuvizidisha. Dawa yako iko kwa daktari: kameze vidonge usivikatize, punguza chumvi na khasa ng'onda, tembea, na jiepushe na tumbaku." Na hilo la mwisho twaliambia kisiwa chetu chote, kwani Pate ni nchi ya mashamba ya tumbaku, na wako miongoni mwetu wanaojisifu kwa kuacha ulevi hali moshi hauwatoki kinywani.

Akaniuliza: "Na yule mwenzangu nimwambie nini?" Nikamwambia: "Asiye wa dini yako hafungwi na aya yako, lakini ana akili kama wewe. Mwelezee ile kura kwa upole. Na ukiulizwa usilolijua, sema hujui, wala usifanye kama nilivyofanya mimi."

Maswali ya kujipima kwa wanafunzi wa darasa:
1. Kwa nini mvuvi na mtu wa barazani hawafai kulinganishwa?
2. Kwa nini ugonjwa hauwezi kuibadili kura ya urithi?
3. Wanawake wa Uchina walitusaidia vipi kuondoa shubha?
4. Ni ipi tofauti baina ya hukumu ya sharia na khabari za mwili?

Wabillahi tawfiq.